Mbunge wa Mwalimu Ernest

Karatasi ilikuwa bado nyeupe, na saa nne asubuhi watu wangetaka kusomewa.

Mwalimu Ernest hakuona aibu wala hofu. Hakuona chochote. Alijua tu kwamba mtu aliyefundisha historia Nachingwea miaka ishirini na sita, akishindwa kuandika maisha ya mtu mmoja kwenye ukurasa mmoja, angesemwa mpaka Ruangwa. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Nje turubai lilikuwa limeshafungwa, na viti vya kuazima vilikuwa vikipangwa. Mama Shadya, jirani, akamletea chai. Haikuwa na tangawizi. Akainywa hivyo hivyo.

"Nusu ukurasa inatosha," alisema Titus, mwalimu mwenzake, ambaye ndiye angesoma. "Kuzaliwa, shule, ndoa, kazi. Watu hawataki mengi."

Basi Ernest akaandika, na kalamu ikakimbia yenyewe. Ambrose Tilling, Mwingereza, mbunge wa enzi za Mfalme Charles wa Kwanza. Alibatizwa Machi 9, 1598. Alioa mara mbili. Alikaa bungeni miaka kumi na minane, akasema siku moja tu, kuhusu daraja bovu. Askari walipokuja kuwafukuza wabunge, yeye hakufukuzwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba yumo.

Miaka kumi na mmoja Ernest alikuwa akimfuatilia mtu huyu ambaye hata kwao hawamjui. Kila jioni, pale pale mezani, alisoma habari zake kwa sauti. Tarehe ikimtoka, aligeukia jikoni kuuliza, na mkewe Auleria, huku akichambua mboga, alimjibu bila kukosea.

"Huyo mbunge wako namjua kuliko shangazi zangu," alizoea kumtania.

Titus aliisoma karatasi, akairudia. Kisha akaikunja taratibu na kuitia mfukoni, mtu mwingine asije akaiona.

"Mwalimu," alisema, "gari la hospitali limeshaingia na jeneza. Nipe tarehe tu, mengine nitajazia mwenyewe. Auleria alizaliwa lini?"

Ernest akageukia jikoni kuuliza.