Mikono ya Kushoto

Wiki nzima mwalimu mkuu aliwafundisha watoto wa darasa la pili jambo moja tu. Mkaguzi akija, kila swali wote wainue mikono: anayejua ainue wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu Sikudhani achague wa kulia.

Sasa mkaguzi alikuwa ameketi nyuma, anatabasamu. Ubaoni paliandikwa saba toa tatu. Mikono sitini ilikuwa juu, ya kulia tisa tu.

Hasira ikampanda Sikudhani. Mara tatu alikuwa amemwomba mwalimu mkuu darasa ligawanywe, na mara tatu alijibiwa kwamba kwenye ripoti wote wanaelewa.

“Chiku,” alisema, akimwonyesha mtoto aliyeinua wa kushoto.

Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni, akakohoa. Chiku akainuka.

“Sijui, Mwalimu.”

“Umesema kweli. Ni mimi sijakufundisha ukaelewa. Njoo.” Akammwagia mezani vizibo saba vya soda. “Toa vitatu, taratibu. Vimebaki vingapi?”

Chiku akavigusa kimoja kimoja. “Vinne.”

“Mwalimu Sikudhani,” mwalimu mkuu akasema, “njoo ofisini.”

“Nikimaliza kufundisha.” Hakugeuka. “Nani mwingine hajui? Msiogope.”

Mikono tisa ya kulia ikashuka. Mkaguzi hakuwa akitabasamu tena. Alitazama mikono ya kushoto, safu kwa safu hadi dirishani, ikiwa imenyooka juu, na hakuna mtoto aliyeushusha wake.