Mlango Kando ya Jiko

Kila nyumba ilikuwa na sikio ukutani, na sikio lilisikiliza vikohozi tu. Ukikohoa ndani, jioni unafuatwa ukapulize bomba la kupima pumzi kituo cha afya, na ikionekana pumzi imebana, jiko lako la moshi linabomolewa. Kikohozi kimoja tu kilisamehewa: kile cha mlangoni, cha kubisha hodi, maana wazee walikataa katakata kuingia kwa watu kimyakimya kama wezi.

Basi Mwanakombo, aliyechoma mikate ya mofa kwa moshi wa makumbi ya nazi tangu hajaolewa, hakutulia. Kifua kikimtekenya anaacha unga, anakimbilia mlango wa mbele, anatoka, anakohoa mpaka machozi, kisha anaita, "Hodi!" na kujijibu mwenyewe, "Karibu!" Akirudi, mkate umeungua.

"Mwanakombo, twende basi ukapulize," alimwomba mumewe Shaame, seremala.

"Wakinivunjia jiko nishinde nikitazama nini? Uso wako?"

Asubuhi moja Shaame alimkuta katikati ya ukumbi, pumzi zimemwishia kabla ya kuufikia mlango, kashika ukuta, kanga kaiuma menoni. Alichukua tindo na nyundo, akatoboa ukuta wa jikoni, akapachika mlango kando ya moto.

Mwanakombo alitoka, akakohoa, akainama. "Hodi," alisema kwa sauti iliyokwama njiani.

"Karibu," alijibu Shaame.

Jioni hakuna aliyekuja kumfuata. Kesho yake Shaame akaanza kupima ukuta wa chumba cha kulala, upande wa kitanda.