Nguzo Mbili za Daktari

Bakuli la supu lilimponyoka Mzee Bushiri, likapasuka mlangoni pa chumba cha kulia.

"Bushiri! Una nini leo?" Bwana Injinia alifoka, kiganja kimemfunika mdomo.

Bushiri aliinama kuokota vigae. Hakuwa ameteleza. Alikuwa amesikia neno.

Daktari Mjerumani na mkewe walifika asubuhi ile kutoka Mbeya, na masanduku mawili ya chuma na kimashine cha kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Kwa mwenyeji wao walisema Kiingereza. Wao kwa wao walisemezana Kijerumani, wasijue kwamba mpishi anayewahudumia alisomeshwa na Wajerumani pale Iringa, kabla ya vita vya kwanza, akachapwa fimbo mpaka lugha ikamkaa kichwani.

"Brücke," daktari alimwambia mkewe. Daraja. Akainua vidole viwili. "Litakaa juu ya nguzo mbili. Kushoto na kulia. Wote wawili wazima, wana nguvu. Lakini kwanza tuue."

"Leo?" mkewe aliuliza, akipaka mkate siagi.

"Leo, tukishakula."

Hivyo ndivyo Bushiri alivyoelewa, na hakuwa na shaka. Kiingereza ndicho asichokiamini. Alipokuwa kuli bandarini Dar es Salaam, Waingereza waliita gati "pier". Huku mtoni Bwana Injinia anaita "pier" nguzo ya daraja. Neno moja, mambo mawili, mtu utashika lipi? Kijerumani hakina ujanja huo. "Pfeiler" ni nguzo, basi. Na "töten" ni kuua.

Habari za nguzo kambi nzima ya wajenzi wa daraja ilizijua. Masika iliyopita Ruaha Mdogo ulifurika ukaizoa nguzo ya katikati, na tangu hapo watu walinong'onezana kwamba mto ule hautakubali daraja mpaka upewe watu wazikwe humo ndani ya zege. Wazungu wanajua, walisema, ndiyo maana wana mumiani wao. Bushiri alikuwa akiwacheka. Sasa kicheko kilimkauka. Akakumbuka kwamba Bwana Injinia mwenyewe wiki nzima hagusi nyama, ni uji na supu tu, na kutembea barazani akiguna peke yake. Moyo unamsuta, Bushiri aliwaza.

Na pale nguzoni kulikuwa na mafundi wawili. Kushoto alisimama Selemani, mume wa bintiye Mwamvita. Kulia alisimama Fanueli, Mhehe mrefu mwenye mabega kama mlango.

Bushiri alitokea mlango wa jikoni, akateremka mbio mpaka mtoni, aproni ingali kiunoni.

"Selemani, mwanangu, tupa hiyo nyundo. Ondokeni wote wawili, sasa hivi. Piteni porini mtokee Kihesa."

"Kuna nini, baba?"

Akawaeleza. Fanueli alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee Bushiri! Kijerumani chako kimeota kutu. Kina miaka arobaini hicho."

Selemani hakucheka. Alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu. "Mwamvita anakaribia kujifungua, baba. Nikitoroka kazi, tutakula nini?"

"Na ukifa, mtoto ataitwa wa nani?"

Kabla hajajibiwa, mke wa daktari alitokea juu ya kilima, akipunga kitambaa cheupe.

"Wanaume wawili!" aliita kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Nyinyi hapo, wa nguzo! Njoo nyumbani! Upesi!"

Kicheko cha Fanueli kilikatika kama uzi. Akatazama njia ya porini, lakini nyapara alikuwa amesimama papo hapo, mikono kiunoni.

"Hamkusikia? Mnaitwa!"

Wakapanda kilima. Bushiri aliwafuata. Karibu na baraza Selemani aligeuka nyuma.

"Baba, ukisikia nalia, mwambie Mwamvita..." Hakumaliza. Mke wa daktari alimshika mkono akamwingiza ndani.

Bushiri aliamriwa achemshe maji sufuria kubwa, alete vitambaa safi na beseni, kisha aondoke. Alivileta, macho yamejaa machozi. Chumba kilinuka spiriti. Mezani aliona vyuma vimepangwa, virefu, vyenye ncha, vinang'aa. Akasukumwa nje, na komeo likapigwa nyuma yake.

Alisimama ukumbini akasoma kila dua aliyoijua. Akasikia sauti ya daktari, ya upole, kama ya mtu anayembembeleza ng'ombe. Kisha kimashine kikaanza kuzunguka, kikilia zzzz, kikisaga kitu kigumu.

Halafu mtu akapiga ukelele.

Haukuwa wa maneno. Ulikuwa mrefu, wa mnyama aliyeshikwa akalazwa. Bushiri hakujua lini alirudi jikoni wala lini alichukua kisu cha kukatia nyama. Alijikuta tu mbele ya mlango, akirudi nyuma, akijitupa kwa bega. Mara ya kwanza komeo lilikataa. Mara ya pili likang'oka, naye akaingia na kisu amekiinua juu.

Selemani alisimama kushoto, Fanueli kulia, jasho likiwatoka, kila mmoja ameng'ang'ania bega moja la Bwana Injinia. Naye Bwana Injinia alikuwa kitini baina yao, kichwa kimelazwa nyuma, machozi yakimtiririka mpaka masikioni, kinywa kimeachama, na daktari alikuwa akimsaga jino la kando ya pengo. "Mshipa wa jino bado haujafa," alimwambia mkewe kwa Kijerumani bila kugeuka, "na daraja la meno linataka nguzo zote mbili."