Macho ya Nyuki

Siku hizi wanafunzi wa kituo cha utafiti msituni huazimwa macho ya kiumbe wanayemsoma. Mjukuu wangu Mwantumu kaja likizo na macho ya nyuki. Hata hakupumzika! Kanichorea maua ukuta mzima wa jiko, kwa rangi waionayo nyuki tu. Mimi naona weupe mtupu, lakini nyuki wamejaa pale utadhani shamba la alizeti. Nikapiga vigelegele.

“Mke mwenzangu, macho ya watu unayarudisha lini?”

“Sirudishi, bibi! Nimeomba niachiwe moja kwa moja, wamekubali!” Akarukaruka kwa furaha.

Nikacheka, kisha nikatulia nimtazame. Akaacha kuruka, akapapasa hewani.

“Bibi, jitikise kidogo. Ukitulia hivyo sikutofautishi na mtungi.”