Kishikwambi cha Binti

Fundi viatu aliingia ofisini kwa mwalimu amekibana kishikwambi kwapani kama kuku wa wizi. Ujumbe wa mwalimu ulisema aje nacho, na sababu aliijua mwenyewe.

Miezi mitatu nyuma binti yake wa kidato cha tatu alirudi nyumbani na dude hilo. Serikali imeyaleta shuleni, alisema. Linampima mtu, linamfundisha kwa mwendo wake mpaka afike kwenye fani aliyoichagua. Kisha akaliacha mezani, akaenda zake kuoga.

Baba mtu akaligusa kidogo tu. Jamani, kugusa! Likamuuliza hesabu za sehemu, akakosa. Likamwambia, "Usijali, jaribu tena." Tangu aache shule darasa la sita, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akanogewa. Kila alfajiri, kabla ya kufungua kibanda, akawa anadokoa masomo ya binti: sehemu, desimali, mpaka nyaya za umeme. Mzee mzima na mvi zake, anamwibia mtoto masomo! Alijicheka, akajitukana, na kesho yake akarudia.

Sasa jana mzazi mmoja wa pale shuleni kamwambia kuwa mwanafunzi anayefanyiwa kazi na mtu mwingine anafutwa kwenye mpango.

"Mwalimu," alisema kabla hata ya kuketi, "nakuomba usimfute mwanangu. Mkosaji ni mimi. Masomo yote nimefanya mimi, na kichwa changu hiki kigumu kuliko soli."

"Yote?"

"Yote. Hata ule mtihani wa umeme wa wiki iliyopita. Nilikosa mawili."

"Matatu," alisema mwalimu. "Na binti yako siku zote hizo alikuwa wapi?"

"Anaoga. Yule kwa kuoga hajambo, mwalimu. Saa nzima!"

Mwalimu aliuma midomo asicheke. "Mzee wangu, binti yako anasomea uuguzi. Kazi zake anazifanyia hapa hapa shuleni."

Fundi alikodoa macho. "Sasa hiki ni cha nani?"

Mwalimu alikichukua, akafungua fomu ya kuwasajili walioacha shule, akamgeuzia aione.

Picha ya mwanafunzi ilikuwa yake mwenyewe, amesinzia kibandani, mdomo wazi. Chini, penye nafasi ya mzazi au mlezi, palikuwa na sahihi ya binti yake.