Mistari Nyuma ya Ngozi

"Nimekuacha, Mwanaamina. Talaka tatu."

Hatibu aliyasema hayo kabla chai haijamiminwa, mbele ya mashahidi wawili aliowachukua msikitini alfajiri ileile. Tatu kwa mpigo! Hakujiachia hata upenyo wa kumrejea. Miaka kumi na minne ya ndoa ikaishia pale mlangoni.

Mwanaamina aliweka birika chini. "Kosa langu?"

"Kamuulize Selemani, uliyempa siri yangu."

Hakulia. Alimtazama mumewe, akauliza neno moja tu. "Kwani bei za mnadani, Hatibu, ni mimi ninayezitangaza?"

Hatibu akaliona hilo ni jeuri. Ilipofika saa mbili mama wa watu alikuwa juu ya lori la Kondoa, anarudi kwao na sanduku moja la bati.

Lakini usidhani Hatibu alikuwa na wazimu. Sababu alikuwa nayo, tena ilikuwa ukutani, chumbani kwake, nyuma ya ngozi ya ng'ombe. Ilikuwa mistari mitatu ya mkaa.

Kila Jumatano kwenye mnada wa Dongobesh bei za maksai zilitangazwa kwa sauti, na wachuuzi wakairukia bei ya siku hiyo. Hatibu aliwacheka. Bei ya siku moja ni mwongo. Pengine wanunuzi wawili wamekasirikiana tu! Yeye alijumlisha bei za minada mitatu ya mwisho, akagawanya kwa tatu, akatia alama. Akafanya vivyo hivyo kwa minada saba, kisha kwa ishirini. Mstari wa minada mitatu, aliouita mdogo, ukipanda juu ya ule wa saba, na wa saba ukipanda juu ya ule mkubwa wa ishirini, basi bei imeshika njia ya kupanda, nunua. Mambo yakipinduka, uza upesi. Hesabu hiyo alifundishwa na Joakimu, karani wa mnada, kwa malipo ya kondoo dume mmoja, na Joakimu akaapa kwa msalaba kwamba hatamfundisha mwingine. Baada ya miaka miwili Hatibu akaezeka nyumba yake kwa bati.

Mtu mwingine aliyeiona mistari ile alikuwa mmoja tu. Mwanaamina ndiye aliyeinua ngozi na kuishikilia, kila Ijumaa baada ya swala, mumewe akichora.

Mwaka uliofuata ule aliovishwa taji Malkia wa Uingereza, mambo yakaharibika. Hatibu akienda kununua kwa wafugaji wa nyanda za Hanang, anakuta Selemani keshapita. Akiamua kuuza, Selemani keshauza. Selemani huyuhuyu, rafiki yake tangu utotoni! Mara ya kwanza alisema ni bahati. Mara ya tano akaanza kujiuliza siri yake imevujia wapi.

Wiki ile ya talaka alipanda baiskeli mpaka kwa Gidabuday, mfugaji aliyezoeana naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Maksai amewachukua Selemani, tangu Alhamisi." Mzee akacheka. "Ananiambia eti mstari mdogo umepita juu ya mkubwa. Mimi mistari naijulia wapi? Nimeona fedha, nimetoa ng'ombe."

Mstari mdogo! Maneno yaleyale ya chumbani kwake! Kikulacho ki nguoni mwako. Hatibu alirudi akikanyaga baiskeli huku analia, mtu mzima na ndevu zake. Maksai wangepatikana wengine. Kilichomuuma ni ule mkono ulioishika ngozi kila Ijumaa.

Ndiyo maana alimwacha. Na adhuhuri, lori limekwisha kwenda, akavuka barabara kumkabili Selemani.

"Selemani, nani anakupa siri ya chumbani kwangu?"

"Siri gani tena, ndugu yangu?"

"Mistari!"

"Aa, mistari!" Selemani akamvuta mkono mpaka ghalani. Hakukuwa na ngozi wala pazia. Mistari mitatu ya mkaa ilikuwa wazi ukutani, juu ya magunia ya mahindi, na tarakimu zake zilikuwa zilezile za Hatibu, hata ile ya mwisho.

"Mimi huchora Jumatano, nikitoka mnadani tu," Selemani akasema. "Wewe Joakimu kaniambia unangoja Ijumaa. Ijumaa, bwana, ng'ombe wamekwisha! Joakimu hakukwambia? Sisi wote tisa ametufundisha."

"Tisa?"

"Kondoo mmoja mmoja. Zizi lake siku hizi halifungiki." Selemani akamsogezea kigoda. "Keti. Halafu shemeji nimemwona asubuhi kwenye lori la Kondoa. Nimempungia mkono, hakuniona. Anarudi lini?"