Mafuta ya Samaki

Kila asubuhi baada ya uji, Zawena humtilia mumewe, Kihiyo, vidonge viwili vya mafuta ya samaki kiganjani. Leo mumewe alikunja ngumi.

"Jana daktari kaniambia ni saratani ya tezi dume. Imeshafika mifupani."

"Si tuliambiwa mafuta haya yanakinga?"

"Na muuzaji, mke wangu. Daktari anasema hayakunikinga na chochote."

Vidonge vilimnata Zawena vidoleni. "Miaka mitatu nakusihi ukapime! Wewe unatikisa chupa tu: 'Hospitali waende wagonjwa, dawa yangu hii hapa!'"

Kihiyo aliutazama uji uliobaki ukifanya utando.

"Sikuyaamini hata siku moja," alisema. "Niliona haya kuvua suruali mbele ya daktari."